Kabla Hujaliacha Jina la Shebnem

Shebnem mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa Mama Riziki, na kwa jinsi ninavyomjua, mkono wake husimama kila mdomo wake unapoanza. Hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina mchana wote wa Jumamosi na meza ya jikoni ni yangu peke yangu, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho. Nimefunika sufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo, nimezima redio, nimekaa.

Kesho asubuhi utapanda basi. Litasimama Columbus, kisha litakupeleka Buffalo, kwa shangazi yako Solange na kwa chuo chako cha kusafisha meno ya watu. Barua hii nitaiweka ndani ya mfuko wa chakula, kwa sababu mizigo mingine unaweza kuisahau lakini chakula hujawahi kukisahau. Nakuomba kitu kimoja tu: uisome ukishaipita Columbus.

Sitaandika habari za koti wala viatu vya theluji, wala za kulala mapema, wala za wanaume. Hayo nimekuimbia tangu siku ulipopokea jibu la chuo, mpaka sasa unanimalizia sentensi zangu kwa sauti yangu mwenyewe, umeshika kiuno, ukidhani sikuoni. Na nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni kule kwetu Kongo, milimani. Kiingereza changu cha kazini kinatosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa maneno haya hakitoshi.

Nataka kukuandikia habari ya fomu.

Wiki iliyopita nilikuwa napangusa meza nikaiona fomu yako ya uraia, ile utakayoipeleka ukishapata anwani ya Buffalo. Niliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma barua zote za serikali. Nikafika pale wanapouliza kama mtu anataka kubadilisha jina lake. Ulikuwa umeweka alama ya ndiyo. Chini yake, kwa ule mwandiko mzuri ambao hukufundishwa na walimu wa hapa bali na mimi, ulikuwa umeandika Grace.

Nilikuuliza kwa ukali. Ulitegemea nini, mimi ambaye hata salamu huwa naitoa kwa ukali? Ukanijibu kwa Kiingereza, macho yako kwenye simu, kwamba jina hilo halina maana yoyote, kwamba maana yake niliitunga mimi, na kwamba umechoka kuubeba uongo wangu kwenye kila karatasi. Nikanyamaza. Ulidhani nimenuna, ukaenda chumbani ukafunga mlango.

Sikuwa nimenuna. Nilinyamaza kwa sababu nusu ya uliyosema ni kweli. Maana niliitunga. Jina sikulitunga. Jina hili lina maana yake na lina mwenyewe, na yote mawili nimekuficha tangu ulipozaliwa. Sasa unakaribia kulifuta, na nataka ujue unafuta nini. Baada ya hapo kalamu ni yako.

Unajua kwamba kaka yako Gentil alikufa njiani tulipokuwa tunashuka kutoka milimani kukimbia vita. Nimekuambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, na kila ulipouliza zaidi nimekutuma dukani. Alikuwa na miaka miwili. Alishikwa na homa kwenye baridi ya msituni, na mimi nilikuwa na mimba yako ya miezi minane. Nilimbeba mgongoni siku mbili. Siku ya tatu bibi yako, mama yake baba yako, alinigusa bega akaniambia nimteremshe. Sijui nilikuwa nimembeba muda gani akiwa tayari amekufa. Baba yako hakuwepo. Alikuwa amebaki nyuma kumtafuta mdogo wake, na ilichukua miezi mitatu mpaka akatupata.

Wewe ulizaliwa wiki tatu baadaye, kambini, upande wa Burundi. Ulizaliwa mzima, na sauti ya kutosha kambi nzima. Walipotaka kukuweka kifuani kwangu niligeukia turubai la hema nikasema, "Mumupeleke." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasema juu yako, mwanangu. Siyaandiki kwa urahisi. Nimesimama mara mbili kwenda kuangalia sombe ambayo haina haja ya kuangaliwa.

Sikukuchukia. Niliuogopa mgongo wangu. Nilikuwa na hakika kwamba mtoto yeyote nitakayembeba atanifia pale pale, bila mimi kujua, na nikaona heri nisikubebe. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo siku zile, na hakuna mtu aliyeweza kunitoa humo.

Pale kambini palikuwa na muuguzi mmoja, msichana wa miaka kama ishirini na sita, kutoka nchi inayoitwa Azerbaijan. Hakuna kati yetu aliyeifahamu. Wengi walidhani ni mji fulani wa Ubelgiji. Alikuwa na Kifaransa cha vitabuni, na nywele nyeusi alizozifunga kwa kipande cha bandeji. Aliitwa Shebnem. Yeye ndiye aliyekuchukua nilipokukataa. Alikunywesha maziwa kwa kijiko. Alipokuwa na kazi ya kuzunguka mahema alikufunga mgongoni kwa kitenge cha kuazima, akakufunga chini mno, kichwa chako kikawa kinagonga kiuno chake, na wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa sijawasikia watu wetu wakicheka tangu tutoke nyumbani. Watoto wakawa wanamfuata nyuma wakiimba: mutoto wa Shebnem, mutoto wa Shebnem!

Hakunisema vibaya hata mara moja. Kila jioni alikuja akaketi karibu na mkeka wangu, na jirani yetu aliyesoma Kifaransa akatafsiri. Alisema na yeye alikimbia vita akiwa msichana, na kwamba walikaa miaka na mama yake ndani ya behewa la treni lililoegeshwa, treni isiyokwenda popote. Alisema mama yake naye alinyamaza muda mrefu humo ndani. Mimi nilihesabu vitundu vya turubai.

Ikafika siku ya nane. Desturi yetu ya kuita mtoto unaijua: watoto wa majirani wanaalikwa, wanalishwa, na kila mmoja anapendekeza jina lake. Ni mchezo tu. Wakishamaliza kucheka, baba ndiye anayetoa jina lenyewe, na kwetu jina huwa na habari ndani yake, wazazi walipitia nini au wamegombana na nani. Yule mzee wa kanisani kwetu ambaye jina lake maana yake ni kwamba majirani hawampendi, basi ujue baba yake alikuwa na majirani. Bibi yako hakukubali siku ipite bure kwa sababu ya vita. Aliomba maharage hema kwa hema, akapika, akawakalisha watoto nje ya hema letu. Nilisikia kila kitu nikiwa nimelala.

"Bon, batoto, mumeshakula," akasema. "Sasa mutuambie, huyu mutoto tumuite nani?"

"Shebnem!"

"Hapana, hiyo ni jina ya munganga. Mimi nauliza jina ya mutoto."

"Koko, mutoto wa Shebnem njo Shebnem!" wakamjibu bibi yako.

Wakaanza kuliimba na masufuria. Bibi yako akainua pazia la hema, akanitazama. Baba hayupo, lakini mama yupo, yu hai, ana mdomo. Alisubiri niseme neno moja, jina lolote, hata jina la mama yangu. Sikusema. Akashusha pazia, nikamsikia akiwaambia, "Bon. Batoto bameshamuita." Ukaandikwa hivyo kwenye karatasi ya chakula cha kambi, na kutoka karatasi ile jina likapanda ndege na sisi.

Kwa hiyo sikukupa jina. Nililikuta unalo.

Siku ya tisa ulikuwa unalia nje, kilio kile cha mtoto anayetaka kitu kimoja tu. Nikamsikia yule msichana akikuimbia kwa lugha yake, taratibu, nawe ukanyamaza. Ukanyamaza kabisa. Na hapo, Shebnem, kitu kilinipanda kifuani ambacho si upendo, usije ukadhani mama yako ni mtakatifu. Ulikuwa wivu. Wivu mtupu. Niliondoka kwenye mkeka, nikatoka nje, nikafungua fundo la kile kitenge mgongoni kwake bila kumwomba, nikakunyang'anya. Yeye akageuka, akaona ni mimi, akaanza kulia na kucheka pamoja. Mimi sikucheka wala sikumshukuru. Niliingia ndani na wewe na sikukuweka chini tena. Ungeuliza watu wa kambini wangekuambia kwamba ulijifunza kutembea umechelewa kwa sababu miguu yako haikugusa ardhi.

Upendo ulikuja baadaye kidogo, ukaja wote kwa mkupuo mmoja, na mpaka leo unanisumbua. Nakuambia tu ulivyoanza.

Sasa sikiliza kosa langu lenyewe, kwa sababu yale ya kwanza nayaita ugonjwa, lakini hili nililifanya nikiwa na akili zangu. Kwetu, somo wa mtoto, yule ambaye mtoto amepewa jina lake, ni mzazi mwingine. Hawezi kusafiri mbali bila kushikishwa mtoto. Anampakata, anamwita jina lao wote wawili, ndipo anakwenda. Baada ya miezi miwili muda wa yule muuguzi uliisha. Jirani alimfundisha desturi hii, naye akaifurahia sana, akaja asubuhi ya kuondoka, amevaa vizuri, na gari linamsubiri barabarani. Nilimsikia anakuja. Nikafunga pazia la hema kwa ndani. Akasimama nje akaita, "Shebnem?" Ukageuza kichwa. Ukafungua mdomo, na mimi nikakutia ziwa haraka ili usitoe sauti. Akaita tena. Jirani akamwambia labda nimekwenda mtoni. Akasubiri. Gari likapiga honi. Akaondoka.

Niliogopa nini? Niliogopa kwamba ukilala mikononi mwake utanyamaza tena vile ulivyonyamaza siku ile, mbele ya watu wote. Na niliona haya. Mtu huyu aliniona katika siku zangu mbaya kuliko zote, na badala ya kumshukuru nilimkimbia kama vile yeye ndiye aliyenikosea. Nimerudia mchezo huo tena maishani. Shangazi yako Solange, baba yako alipokufa Columbus, ndiye aliyeniogesha kwa mikono yake nilipokuwa siwezi kusimama. Nilipopona sikumpigia simu miaka miwili, mpaka akahamia Buffalo na sisi tukaja huku Louisville bila kuagana vizuri. Ulishangaa nilipokubali ukaishi kwake. Nilikubali kwa sababu nilimpigia hatimaye, na nilipoanza kujieleza akaniambia, "Wifi, nyamaza, nilishakujua." Ningekuwa na namba ya mwingine yule ningempigia pia.

Baba yako alipotufikia kambini, alikupakata akalia, halafu akaniuliza.

"Iyi jina iko na maana gani?"

Alikuwa amemzika mdogo wake. Alikuwa amekuta Gentil hayupo. Ningemwambia nini? Kwamba ni jina la mgeni aliyekulea mimi nilipokukataa?

"Iko na maana ya kama Mungu alisikia," nikasema.

"Alisikia nini?"

"Alisikia sisi."

Alifurahi mno, maskini. Jumapili akanisimamisha mbele ya kanisa la maturubai, mchungaji akasema, "Mama, sema kwa nguvu, kanisa isikie," nikasema kwa nguvu. Watu wakapiga vigelegele. Uongo wa namna hiyo, ukishapigiwa vigelegele, unaurudisha wapi? Bibi yako alijua, naye akaufunga mdomo wake mpaka akazikwa. Baba yako alikufa akiuamini. Ndiyo maana nilikuomba usisome kabla ya Columbus. Sitaki uwe na maneno haya mkononi wakati basi limesimama karibu na alipolala. Mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia, wala si wewe.

Mambo ya kanisa la Reynoldsburg, tulipoishi Columbus, huhitaji kukumbushwa, lakini nataka ujue kwamba na mimi nayakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Yule mwalimu mgeni wa Biblia aliwauliza watoto maana za majina yao, nawe ukasimama wa kwanza, umevaa lile gauni la njano, ukasema kwamba jina lako ni la Kiebrania na maana yake ni Mungu amesikia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba katika Kiebrania jina linalosemwa hivyo ni Samweli. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Mwaka mzima wakakuita Samweli. Kwenye gari, pale pale uwanja wa kuegesha, ukaniuliza, "Mama, jina langu maana yake nini?" Uliniuliza kwa Kiswahili, kwa adabu yote, na mimi nikakupiga kofi.

Kofi hilo ndilo lililokufanya uwe Shay ulipoanza shule hapa Louisville. Nilikuwa nikiwasikia wenzako wakikuita hivyo nje ya nyumba, na wewe ukiitika haraka, nikawaacha. Nisamehe kwa kofi lile. Nimekuwa nikikuomba msamaha kwa chapati na sambusa, najua hukuwahi kuelewa kwamba ndiyo ilikuwa hivyo.

Sasa nakuja kwenye maana.

Miaka miwili iliyopita, kule ghalani ninapofanya kazi, Jeffersontown, nilikosea nikabeba kibakuli chako cha shule badala ya changu. Kile ulichokiandika jina lako kwa kalamu nyeusi ulipokuwa darasa la sita. Saa ya chakula nilikiweka mezani. Palikuwa na mwanamke mpya, mzito, mwenye meno mawili ya dhahabu, anaitwa Sevda. Alikitazama kibakuli kama mtu aliyeona ndugu yake.

"Hili jina umelitoa wapi?" akaniuliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga kama changu.

"Ni la binti yangu."

"Hapana. Hili la mabinti wetu. Azerbaijan."

Mwanangu, kijiko kiliniponyoka. Nikamuuliza upesi kama anamjua Shebnem, muuguzi, nywele nyeusi, alifanya kazi Afrika. Sevda akacheka hadi watu wa meza nyingine wakageuka. Akasema kila mtaa kwao una akina Shebnem. Ndipo nikajiona mjinga, mimi ambaye hukasirika watu wa hapa wakiniuliza kama ninamjua Mkongo fulani wa Texas.

Kisha nikamuuliza lile ambalo sikumuuliza mwenye jina alipokuwa ameketi kando ya mkeka wangu kila jioni. Akafuta mikono, akanieleza kama mwalimu. Alisema jina ni lao lakini halikuzaliwa kwao. Limetoka kwa Waajemi, majirani zao wa kusini, ambao zamani mashairi makubwa hata ya watu wake yalitungwa kwa lugha yao. Wazee wakayapenda maneno ya mashairi hayo wakawapa mabinti zao. Akanitajia mengine ya njia hiyo: Nargiz ni ua, Firuze ni jiwe la rangi ya buluu, Pervane ni nondo anayezunguka taa. La kwako ni maneno mawili yaliyoshikamana. Shab ni usiku. Nam ni unyevu. Unyevu wa usiku. Akaona sijaelewa, akaniambia nifikirie majani asubuhi, kabla jua halijapanda, na vidole vyake akawa anaonyesha matone.

Umande. Jina lako ni umande.

Nililia pale mezani, mbele ya wasimamizi, na Sevda akadhani amenitukana. Nilishindwa kumweleza. Wewe hukukulia milimani, kwa hiyo naomba unisikilize hapa hata kama nimekuchosha. Kule kwetu juu nyasi zinafika gotini, na usiku ni baridi, na asubuhi kila unyasi umebeba maji. Nilipokuwa msichana kazi yangu ilikuwa kwenda na ng'ombe kabla kweupe hakujawa kweupe sawasawa. Anayetangulia ndiye anayelowa, wa nyuma wanapita pakavu. Nilikuwa natangulia. Nilirudi nyumbani sketi imenishika mapaja, miguu haina hisia, na mama yangu ananikalisha karibu na moto, ananisugua miguu kwa viganja vyake huku akinigombeza. Hakuna mahali duniani ninapopatamani kama pale. Ninapotoka kazini alfajiri, zamu ya usiku ikiisha, kuna kipande cha majani karibu na lango la ghala, na siku nyingine, nisipoona mtu, huwa navua viatu. Kama mtu angekuwa ameniuliza, mimi mwenye akili timamu, siku ile ya nane, nimwite mtoto wangu nini ili asiisahau nchi yetu, nisingepata jina zuri kuliko hilo. Nalo lilikuwa limeshatolewa na watoto wenye maharage mdomoni.

Utaniuliza mbona sikukuambia siku ile ile niliporudi. Niliingia nyumbani nikiwa nimelishika kifuani kama sahani iliyojaa. Ulikuwa unamalizia kazi za shule hapa hapa mezani asubuhi ile. Nilifungua mdomo nikaona kwamba nikikuambia umande utaniuliza nani aliyeleta jina la Waajemi milimani kwetu, na nikijibu hilo utaniuliza lingine, na mwisho wake ni turubai na lile neno "Mumupeleke". Nikakuuliza kama umekula. Hivyo ndivyo miaka miwili inavyopita.

Nimemtafuta kwenye mtandao. Sevda alinionyesha jinsi wanavyoliandika kwao, na herufi zao zilizopinduliwa. Nimeona nyuso mia na zaidi za akina Shebnem, wanasheria, mabibi harusi, wasichana wadogo wenye keki. Kila penye nywele nyeusi nimekuza picha. Sasa atakuwa mtu mzima kama mimi, labda mnene, labda ana mvi. Huenda nimempita bila kumjua. Nina hamu sana ya kumwona yule mwanamke. Si jambo ambalo ningeliweza kulisema kwa mdomo, lakini namkumbuka kuliko hata baadhi ya ndugu zangu wa damu. Ningependa akuone ulivyo mrefu. Ningependa akupakate kwa nguvu hata kama miguu yako ingeburuta chini, na mimi nisimame pembeni, mikono yangu mitupu, nimwache amalize.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Fomu yako nimeirudisha kwenye ile bahasha ya kahawia, sijaandika wala kufuta. Nilishika kalamu, sitakudanganya. Nikaiweka chini.

Grace ni jina zuri. Najua kwa nini umelichagua, na najua mtu anaweza kuchoka kutamkiwa jina vibaya kila anapokwenda kwa daktari. Tena halina hema ndani yake, wala kofi, wala mimi. Ukilitaka ni lako, na usiku huo huo utakaolipata sitalia kwenye simu, au nitalia kidogo halafu nitakuuliza umekula nini. Leo nimejaribu. Nilisimama hapa jikoni nikaita kuelekea chumbani kwako: "Grace!" Mara ya kwanza lilitoka kama namwita mtoto wa jirani. Mara ya tatu lilikuwa limeanza kuwa na sauti yangu. Nitazoea. Watu wa kanisani nao wataacha kuniita Mama Shebnem, watazoea, walishazoea makubwa zaidi.

Ila ukiamua kubaki nalo, ubaki nalo kwa sababu unalijua. Usibaki nalo kwa kunihurumia. Nakujua, una moyo mwepesi kuliko unavyoonyesha, na sitaki unipe hilo kama zawadi ya mama mzee anayebaki hapa mtaani Okolona.

Nakuomba jambo moja tena mwanangu, na baada ya hili nafunga, maana Mama Riziki naye ana mwisho. Jina lolote utakaloliandika pale, la zamani au jipya, siku utakayoamua unipigie simu kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Hata shangazi yako. Hata kama niko kazini, nitatoka nje kupokea. Mara ya kwanza walikuita watu wote wa kambi kabla yangu. Mara hii nataka niwe wa kwanza.

Mama yako